Viti vya Kayole Nimeviandika, Wifi

Umoja One,
Nairobi.
9 Februari, 2025

Mpendwa wifi yangu Elsie,

Pokea salamu zetu huko Shirati, wewe na shemeji Ondiek. Je, goti limepoa? Mara ya mwisho uliniambia ukipanda ngazi za kanisa lazima ushike ukuta. Na mvua, mmepata? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Maurine ameingia kidato cha tatu na sasa ananipita kwa kimo. Presha ya mdogo wako Jackton imeshuka kidogo, ingawa chumvi bado tunaigombania mezani kila siku.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ungeniuliza swali la kwanza tu nianze kulia, na jambo lenyewe linataka kuelezwa hadi mwisho. Isitoshe, kuna karatasi ya serikali itakayokufikia yenye majina yetu. Sikutaka ije kabla yangu.

Wifi, mimi na Jackton tumeomba kutangazwa kuwa tumefilisika.

Unajua biashara ya mahema na viti ilivyotulea. Hapakuwa na harusi wala matanga Umoja nzima bila jina letu kwenye turubai. Kisha ukaja mwaka wa kura, tukachukua mkopo wa lori na mahema mapya, na tukamhudumia mgombea mmoja miezi miwili bila malipo kwa sababu aliahidi kulipa zote pamoja. Alishindwa kura na simu yake ikazimwa. Tukakopa ili kulipa mkopo. Ndipo nawe ukauza ng'ombe wanne, ukatutumia laki mbili na nusu. Hata hiyo ilimezwa. Mwezi wa Novemba lori lilichukuliwa na benki mchana kweupe, majirani wakitazama.

Katika kanisa letu kuna wakili, mama mmoja aitwaye Andati. Alitusikiliza bila kutukatiza, kisha akatutuma nyumbani tuandike bajeti: tunachoingiza, tunachotumia, tulicho nacho, na kila mtu anayetudai.

Tuliifanya Jumamosi nzima. Tulijivunia kazi yetu, lakini Andati alipoisoma alivua miwani.

"Perez, hii ni bajeti ya malaika," akaniambia. "Hakuna nyama, hakuna sabuni, hakuna sadaka. Mnaishi vipi?"

Akanirudishia karatasi.

"Andikeni mnavyoishi, si mnavyotaka kuonekana. Mbele ya korti mtaapa. Leteni na taarifa za pesa za simu zenu, za mwaka mzima."

Basi tulianza upya. Niliandika kilo ya nyama ya soko la Burma kila mwisho wa mwezi, na elfu mbili za chama chetu cha akina mama nilizokuwa nikizificha ndani ya hesabu ya unga. Jackton alicheka, akasema sasa ameelewa kwa nini unga wetu ulikuwa ghali kuliko wa watu wengine. Nilikuwa nacheka naye nilipoona kwenye taarifa ya simu yake: elfu tatu, kila tarehe tano, kwa mtu aitwaye Nyawira. Mara kumi na mbili, wifi.

Sitakuficha nilichofikiria. Nilidhani ana mwanamke wa nje. Nikauliza Nyawira ni nani, naye akasema, "Hiyo wachana nayo, Perez." Nikamwambia kama hatasema, nitapiga hiyo nambari mbele ya Maurine.

Ndipo aliposema. Nyawira ni mama mwenye stoo za kukodisha kule Kayole. Ndani ya stoo moja Jackton alikuwa amefungia jenereta yetu kubwa, ile niliyoambiwa iliuzwa, na viti vyetu vizuri vya chuma. Alikuwa amepata mnunuzi. Alitaka kuviuza kimya kimya kabla ya kwenda kortini, na pesa zote azitume kwako.

"Dada alinisomesha kwa mshahara wa ualimu," akaniambia. "Benki haijawahi kunifulia yunifomu. Wacha wengine wagawane makombo, Elsie alipwe kwanza."

Wifi, nilimpenda kwa maneno hayo, na bado nikakataa. Kesho yake tulirudi kwa Andati nikamweleza kila kitu mbele ya Jackton. Alisema kumlipa ndugu kwa siri wakati unajua unafilisika ni kosa. Pesa hizo zinaweza kufuatwa hadi kwako, na sisi tukaitwa wadanganyifu badala ya watu walioshindwa. Jackton alitoka nje bila kuaga.

Siku tatu hakuzungumza nami. Alikula, akafua shati lake, akaenda kwenye kibarua. Siku hizi anafunga mahema ya mtu mwingine. Mimi nilichukua funguo mfukoni mwake nikiwa nimemwambia nazichukua, nikaenda Kayole. Nyawira ni mama mzee mpole sana, nikaona haya kwa yale niliyomfikiria. Nilihesabu vitu kimoja kimoja nikiandika kwenye daftari, nikijua hesabu hiyo inatoka mfukoni mwako.

Niliporudi niliweka daftari mezani mbele ya Jackton: jenereta moja, viti sitini. Alilisoma hadi chini. Kisha akachukua kalamu.

"Ni sitini na nne," akasema. "Vinne vimevunjika mgongo, viko nyuma ya mlango. Kama ni kuandika, andika vyote."

Akaandika mwenyewe.

Jumatano iliyopita tuliwasilisha maombi yetu, kila mmoja na fomu yake. Viti na jenereta vitauzwa na serikali, na kila anayetudai atapata fungu kulingana na deni lake. Fungu lako litakuwa dogo. Andati hakunipa matumaini makubwa, nami sikupi. Majina yetu yatatangazwa, na kanisani wapo walioanza kutusalimia kwa mbali. Na waangalie.

Maisha yetu sasa yanatoshea ukurasa mmoja. Tunahama nyumba hii mwisho wa mwezi, tunaenda chumba kimoja na jiko karibu na Spine Road, kodi elfu nane. Chama nimejitoa. Mimi napika kwenye shule ya chekechea, na chakula cha mchana nakula huko huko. Maurine ameacha kusoma bweni, anasoma shule ya kutwa. Alilia siku moja, kisha akaniuliza kama anaweza kubaki na godoro lake. Atabaki nalo. Nyama haipo tena, ila sadaka tumeibakiza shilingi hamsini, na dawa za Jackton hatukuzigusa.

Usimlaumu ndugu yako, wifi. Yeye alitaka kukulipa. Aliyeviandika viti vile ni mimi, na ningeviandika tena. Kama una hasira, nitumie mimi, nitaipokea. Sitakuahidi kitu leo kwa sababu sheria hainiruhusu, na pia nimechoka na ahadi. Nina miaka arobaini na tatu na mikono miwili. Ukitufungia mlango nitaelewa, lakini nitakuja kubisha.

Jambo moja nakuomba. Ile karatasi ikifika, itakutaka uandike kiasi unachotudai. Najua moyo wako, utataka kupunguza kwa kutuhurumia, au uitupe usiijaze kabisa. Tafadhali usifanye hivyo. Andika laki mbili na nusu, yote, na chini yake uweke sahihi yako. Jackton asome jina lako kwenye orodha ya wanaotudai akijua kwamba hata wewe hukumdanganya.

Nisalimie shemeji Ondiek na mama mkwe wako, na yule jirani yako Kawsar aliyeniletea dagaa nilipowatembelea. Maurine anasalimu shangazi yake sana. Mungu alinde nyumba yako na mifugo iliyobaki, na akupe miguu ya kupanda ngazi bila ukuta.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye pasipo kukuficha neno,

Perez