Visima Saba vya Jina Moja

Mpendwa Bi Anyesi, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe linaanzia kwenye gemu, na najua watu wakisikia mtu mzima wa miaka thelathini na moja anacheza gemu wanafunga ukurasa.

Mimi ni mkazi wa Nzuguni, hapa Dodoma, nafanya kazi katika ofisi binafsi ya upimaji, nachora ramani za viwanja, na kwa miaka mitatu sasa kila Jumamosi mchana tunakutana watu wanne kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la rafiki yangu Kishan, ambaye nimesoma naye tangu darasa la kwanza, tunacheza gemu tuliyoibuni wenyewe, si ya simu, ni ya karatasi na dadu, ina dunia yake na falme zake na mazimwi yake, na mimi ndiye mwenye ramani, yaani kila mlima na kila mji wa dunia ile nimeuchora mimi na kuupa jina mimi. Mwingine ni Evelina, mwalimu wa hesabu, ambaye kazi yake ni kuhesabu siku za maji, kwa sababu katika dunia yetu majeshi hayafi sana kwa upanga, yanakufa kwa kiu. Wa nne ni Sikudhani, muuguzi, anakaa Mkonze na mama yake, na katika gemu yeye ni malkia.

Ramani yetu ni karatasi saba, kila jimbo na karatasi yake, nazihifadhi ndani ya lile bomba la boksi linaloviringishiwa vitambaa, na mchezaji haoni karatasi nyingine isipokuwa ya jimbo alilomo. Kila jimbo lina kisima kimoja kikubwa, na kijijini kwa bibi yangu, Kondoa, kisima huitwa kwa jina la mtu, ndivyo tulivyozoea, basi nilipochora jimbo la kwanza nikaandika Kisima cha Sikudhani, kwa kuwa siku ile alikuwa amekaa karibu yangu anakunywa chai, na jimbo la pili nikaandika hivyo hivyo, na la tatu, sijui ilikuwaje, mkono ulishazoea, mpaka majimbo yote saba yakawa na Kisima cha Sikudhani, na kwa kuwa miaka yote mitatu kila mmoja alikuwa akihangaika na jimbo lake, hakuna aliyejua.

Wiki mbili zilizopita malkia alivuka mpaka kwa siri na kuzingirwa mashariki, kisima kimebaki na maji ya siku tatu, akatuma ujumbe kwa Kishan mwenye wapanda farasi elfu moja, hakutaja jimbo, akaandika tu, "Njoo Kisima cha Sikudhani, haraka." Kwetu ujumbe na amri huandikwa kwenye vikaratasi vinavyopitia kwangu, hakuna kuulizana kwa mdomo, basi Kishan akaniandikia, "Mwenye ramani, ni hiki kilichopo huku kwangu, au kuna kingine?" Kwa sheria zetu ninapoulizwa lazima niseme kweli. Lakini nikisema kuna kingine lazima nifungue karatasi zote mezani, na nikizifungua kila mtu ataona nilichoandika, na yeye mwenyewe Sikudhani ataona. Nikaandika, "Ni hicho hicho."

Kishan akaenda kungoja kwenye kisima chake, Evelina akahesabu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, malkia akafa. Baadaye Kishan akakwama kwa zimwi kubwa, maana kwetu zimwi likikuzidi umri lazima uliamkie kwanza, na likiitikia marahaba huruhusiwi kulipiga siku hiyo, nalo liliitikia, na wapanda farasi wakaisha. Evelina hakuelewa hesabu ilivyoenda, akalichukua lile bomba, akazimwaga karatasi zote juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaanza kusoma kwa sauti ile ya darasani, "Kisima cha Sikudhani. Kisima cha Sikudhani. Jamani, na huku pia!" Akazimaliza zote saba.

Kishan akafura, akasema, "Yaani umeniulia watu elfu moja kwa uvivu wa kubuni majina?" Nikasema ndiyo, nisamehe, ni uvivu. Sikudhani akaniangalia, akauliza polepole, "Ni uvivu tu, Nurdini?" Nikamwambia, uvivu tu. Akarudisha dadu zake mezani, akachukua mkoba, akaondoka, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Kishan hapokei simu zangu. Evelina ameniambia Sikudhani amepata uhamisho, anahamia Singida Jumapili ya mwisho wa mwezi, na wala hakutuaga.

Bi Anyesi, sina raha, na kazini nimekosea kiwanja cha mtu mara mbili. Naomba unisaidie majina sita mapya ya visima, yawe mazuri na yasifanane, na unishauri pia kama ni haki mwenye ramani kumfufua malkia kwa kubadili sheria, labda hapo watarudi. Naomba usichapishe jina langu.

Mwenye Ramani, Nzuguni.

*

Marahaba, Mwenye Ramani. Uliomba nisicheke mpaka mwisho. Nilijitahidi, lakini lile zimwi linaloitikia marahaba lilinishinda. Kuhusu jina lako, nililificha vizuri kabisa pale chini, kisha nikakuta Sikudhani amelitaja katikati ya barua yako, na sikuthubutu kugusa maneno yake. Wewe umeshayapotosha ya kutosha.

Kwanza nikupongezeni nyote wanne. Mlikuwa na uhuru wa kubuni dunia yoyote mnayoitaka, yenye mito ya maziwa na bustani zinazoelea angani, na kwa akili zenu zote mkabuni Dodoma wakati wa kiangazi. Mkamwajiri na mwalimu wa hesabu awahesabie siku za maji, kana kwamba kazi hiyo hamuifanyi bure nyumbani kila mnapofungua bomba la maji.

Pili, nawapa pole wenye viwanja wa Nzuguni. Sikujua kwamba ramani zao zinachorwa na mtu ambaye mkono wake "ulishazoea". Natumaini huko ofisini hujampa kila mmoja kiwanja namba moja kwa sababu siku ile alikuwa amekaa karibu yako anakunywa chai.

Sasa tuje kwenye uvivu wako. Mimi nawajua wavivu, nina kaka. Mvivu huandika "kisima" akaishia hapo. Akijitahidi sana ataandika kisima cha kwanza, kisima cha pili, akalale. Wewe umechukua kalamu mara saba, kwenye karatasi saba, katika miaka mitatu, na kila mara ukaandika jina lote la mwanamke mmoja, halafu unaniambia ni uvivu. Unamdanganya nani? Kishan alikuamini kwa kuwa alikuwa anaomboleza farasi. Evelina alikuwa anahesabu. Mimi sina farasi na hesabu zilinishinda darasa la tano, lakini hili nimeliona kabla sijamaliza ukurasa wako wa kwanza.

Na desturi ya kwa bibi yako pia umeileta nusu. Mimi nimeolewa huko. Katika familia niliyoolewa, kisima huitwa kwa jina la aliyekichimba, ili anayekunywa amkumbuke. Sikudhani wako amechimba wapi? Hajashika sururu hata siku moja katika dunia yako. Kisima ulichimba wewe, jina ukaweka lake. Mkwe wangu angekuuliza swali moja tu, na usingelijibu kwa neno uvivu.

Hapa naacha utani, kwa sababu nimekukasirikia kweli. Kukosea majina si kosa kubwa, majina hurekebishwa. Kosa lako ni kile kikaratasi. Rafiki uliyesoma naye tangu darasa la kwanza alikuuliza swali la wazi, na sheria zenu wenyewe zilikutaka useme kweli, ukaona ni heri mtu afe kwa kiu kuliko watu wajue unampenda. Kisha ukafanya vibaya zaidi. Aliyekufa kwa kiu akakuuliza kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mashahidi, akakupa na jibu mkononi. "Ni uvivu tu?" Mwanamke hasemi hivyo kwa ajili ya ramani, mwanangu. Alishaziona zote saba. Alikuwa anakufungulia mlango, nawe ukaufunga, ukakomea, halafu ukaniandikia mimi nikutafutie majina ya visima.

Sikupi jina hata moja. Ramani hiyo iache ilivyo, ni kitu pekee katika barua yako kisichosema uongo.

Fanya hivi. Nenda dukani kwa Kishan, usimpigie simu, nenda kwa miguu yako, ununue angalau mita mbili za kitambaa ili asikufukuze mbele ya wateja, na umwambie kwa nini uliandika "ni hicho hicho". Atakutukana. Mwache akutukane, ana haki, alikuwa na watu elfu moja. Akishachoka atakucheka, na akishakucheka mmepatana.

Kisha Jumamosi hii, kabla ya ile Jumapili ya kuhama, nenda Mkonze asubuhi. Usiende na bomba la ramani. Usiende na dadu. Usiende na Evelina. Utamkuta mama yake mlangoni. Mwamkie kwa heshima, na akiitikia marahaba, basi kwa sheria zenu wenyewe hakuna vita siku hiyo, kwa hiyo usinitolee kisingizio cha kuogopa. Omba kuzungumza na Sikudhani. Usimweleze majimbo. Usimweleze desturi za kwa bibi. Mwambie, "Uliniuliza kama ni uvivu tu, nikakudanganya." Kisha mwambie kilichobaki, na kilichobaki unakijua, umekiandika mara saba.

Anaweza kukukatalia. Anaweza kusema Singida ni mbali, au kwamba alichoka kukungoja tangu mwaka jana. Utaumia, na utaumia ukiwa umesema kweli, jambo ambalo kwako litakuwa geni.

Na huyo malkia usimfufue. Mwache apumzike, alingoja siku tatu pale kisimani na hakuna aliyekuja. Mwenzake bado yuko hai. Yuko Mkonze, anafunga mizigo, na sitashangaa kama ameshaweka mabegi mawili karibu na mlango.