Uliona au Uliambiwa

Mbinga Mjini,
Jumatano, 22 Aprili 2026.

Kwa Kaka Florian,
Chiwanda, kwa mkono wa Mwanaisha muuza dagaa wa usipa.

Kaka, shikamoo. Pokea salamu za mdogo wako, na kama ule mgongo bado unakusumbua wakati wa baridi, pole sana. Nauliza afya yako nikitaka kweli kujua kama unakula, unalala, na kama homa za ziwani zinakupitia mbali. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inakimbia ovyo kama kuku aliyeona kisu. Wiki nzima sijatania mtu, na vijana wa bodaboda wameanza kuniuliza kama nimeokoka.

Nikuambie mapema ili usiiache barua njiani. Nimekula kiapo cha uongo mbele ya wakili, kimegongwa muhuri, na keshokutwa Ijumaa wakili anataka majibu. Naweza kufungwa, na si mimi peke yangu nitakayeumia. Wewe pia umo humo. Kaa chini, soma polepole, na usimpe mtu akusomee.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu. Ulipoondoka miaka tisa iliyopita nilikuwa natembeza soksi. Sasa nina meza na mashine ya fotokopi kwenye baraza ya ofisi ya Wakili Kauthar, njia ya kwenda sokoni. Natoa fotokopi, napiga picha za paspoti, nauza bahasha, na mteja akija amechanganyikiwa namwelekeza karatasi anazotakiwa kuwa nazo kabla hajaingia ndani. Wengine wananiita kishoka, yaani wakili feki. Nawaambia mimi hata ufeki wa uwakili siuwezi, darasa la nne nililisoma mara mbili na mara zote lilinishinda.

Wakili Kauthar ni mama wa makamo. Asili yao ni Kilwa, baba yake alikuja hapa na duka la vitambaa akazeeka nalo. Mlangoni kuna kibao kimeandikwa Wakili, Kamishna wa Viapo na Mthibitishaji wa Umma. Mwanzoni nilidhani ni watu watatu. Nikawa nawaambia wateja kwamba kamishna katoka ila wakili yupo. Siku aliyonisikia alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanikalisha akanieleza. Akasema akiwa kamishna anamwapisha mtu kwa maneno ya mtu huyohuyo, na akiwa mthibitishaji anashuhudia saini na hati ili aliye mbali, ambaye hakuwepo, aweze kuziamini. Akasema yeye hasemi kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Anasema tu kwamba mtu huyu, mwenye jina hili, kaja kwa miguu yake, kasomewa akaelewa, kaapa na kusaini mbele yake. Uongo ukiwemo, mzigo ni wa aliyeapa.

Na hana mchezo. Kuna baba mmoja wa Tingi alileta karatasi ya kugawa shamba, mama yake ameshabonyeza dole gumba hukohuko kijijini. Akaomba agongewe muhuri tu, maana bibi hawezi kupanda gari. Wakili akamwambia yeye hashuhudii dole, anashuhudia mtu. Yule baba akauliza kwani dole hilo ni la mbuzi. Wakili hakubishana naye, alisafiri mwenyewe mpaka Tingi, akamsomea bibi karatasi yote, na jirani akamgeuzia kwa lugha ya nyumbani. Ikaonekana bibi alikuwa anadhani kabonyeza dole la kupata mbolea.

Mtu ambaye wakili hamjui lazima atambulishwe na mtu anayemjua. Kwenye hati anaandika hivi: ametambulishwa kwangu na fulani, ambaye namfahamu binafsi. Huyo fulani mara nyingi nilikuwa mimi, na niliowatambulisha niliwajua kweli, hapo sikuwahi kudanganya. Kaka, nilikuwa natembea kifua mbele. Mimi muuza soksi nafahamika binafsi, kwa maandishi na muhuri.

Sasa nije kwa shemeji Beata. Mkeo hajambo. Nyumba ni ileile, na mlima ni uleule. Kwa kuwa hamkujaliwa mtoto, miaka yote hii analima peke yake, mashimo ya ngolo ya kukinga maji shambani anachimba mwenyewe, kahawa anachuma mwenyewe na kuibeba kichwani mwenyewe. Kuna seremala anaitwa Wilfred, mkewe alifariki, mtu mpole wa kuongea kidogo. Alikuja kurekebisha mlango, akarudi kurekebisha dirisha, akaendelea kurekebisha mpaka nyumba ikakosa kibovu, na bado anakuja. Watu wakaelewa. Ila Beata alisema haishi na mwanamume bila ndoa ya kanisani, na Wilfred akasema yeye pia anataka hivyohivyo. Wakaenda kwa paroko. Paroko akauliza mume wa kwanza yuko wapi, akataka cheti cha kifo. Ofisi ya vyeti ikasema kifo cha mbali namna hiyo kinataka kiapo cha ndugu anayekijua. Wazee wetu hawapo tena. Ndugu aliyebaki ni mmoja.

Kaka, niliapa kwamba umekufa.

Ilikuwa mwezi wa pili. Kwanza nilimwambia Beata kwamba ulifariki ng'ambo, Msumbiji, mtumbwi ulipinduka, na kwamba nilificha kwa kumwonea huruma. Alilia siku tatu. Misa ilisomwa, jina lako likatajwa altareni. Kwenye matanga yako nilipewa sahani ya wali na mapaja mawili ya kuku kwa kuwa mimi ndiye mfiwa mkubwa, na unanijua kwa kuku, lakini niliyarudisha jikoni yote mawili.

Halafu nikaingia kwa wakili. Akaniuliza mara mbili kama niliona au niliambiwa. Akasema kwenye kiapo kila neno lazima lijulikane limetoka wapi. Ninalolijua mwenyewe ni lile nililoliona au kulifanya. Nililoambiwa naandika kwamba niliambiwa, na nani, na kwamba naamini. Akasema kuambiwa si aibu, aibu ni kumficha aliyekuambia. Mimi kwa ujanja wangu nikaona kuona kuna uzito kuliko kuambiwa, paroko atafurahi zaidi. Nikasema niliona. Nikasema nilikuwepo, jeneza nililishika upande wa miguu. Kijiji nikakitunga hapohapo, nikakipa na kanisa. Akanisomea yote taratibu, nikashika Biblia, nikaapa, nikasaini. Chini akaandika kwamba nimeapa mbele yake, mimi Placidi Kinunda, ambaye anamfahamu binafsi. Nilimwona akiandika bila kusita, na pale ndipo baridi ya kwanza iliponishika.

Cheti kikatoka. Tangazo la ndoa limeshasomwa Jumapili mbili, la tatu ni Jumapili hii, na ndoa yenyewe ni Jumamosi ya tarehe mbili mwezi wa tano. Wiki iliyopita paroko alileta nakala ya kiapo kwa wakili, akauliza tu kwa upole, maana wanakwaya wameanza kunong'ona kwamba mimi sijawahi hata kulala nje ya Mbinga siku mbili mfululizo. Wakili akafungua daftari anamoandika wote wanaoapa kwake, kisha akaniita. Akauliza huko kwenye mazishi nilivukaje mpaka, kwa hati gani ya kusafiria. Nikasema nilipeperushwa na upepo wa ziwani. Hakucheka. Akasema kiapo cha uongo ni kosa la jinai na watu wanafungwa. Akasema na muhuri wake utaulizwa kwa nini ulimwamini mtu wa barazani kwake. Hilo la pili alilisema kwa sauti ndogo, na ndilo lililoniumiza kuliko la jela. Akanipa mpaka Ijumaa nikumbuke vizuri. Tangu hapo pikipiki ikisimama nje nashikilia mashine ya fotokopi kama ndiyo itakayonitetea.

Juzi Jumatatu Mwanaisha akaleta usipa. Yeye ni mtu wa Liuli, habari za matanga yako hazikumfikia. Akaniambia amekukuta Chiwanda unashona nyavu, umekonda ila unacheka vilevile, na umesema ukimaliza kazi hiyo utapanda Mbinga kusalimia. Alidhani ananiletea furaha. Akashangaa kuniona nimekaa juu ya ndoo yake ya usipa.

Kaka, sasa nakuandikia lile ambalo mpaka jana sikumwambia mtu. Nilikaa kwenye ndoo kwa sababu unakuja. Kwamba u hai nilikuwa nalijua siku ile nimeshika Biblia. Unakumbuka mwaka juzi, msimu wa kahawa, ulinipigia kwa simu ya mtu. Uliniambia una mke huko ng'ambo na watoto wawili. Nikakuuliza shemeji nimwambie nini. Ukanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha, kisha ukasema nimwambie umekufa, itakuwa rahisi kwa wote. Ukacheka, ukakata. Ile namba nimeipiga sijui mara ngapi, haipatikani.

Zaidi ya mwaka nilikaa na neno hilo tumboni. Kila Jumapili baada ya misa Beata alikuwa ananiuliza kama kuna habari yoyote, nami namjibu kwa utani, maana utani ndio kitu pekee ninachojua kumpa mtu. Alipokuja Wilfred nikaona nikitoa lile neno lako nitakuwa nimewasaidia wote, hata wewe. Na ona ujinga wangu. Kama ningemjibu wakili kwamba niliambiwa, na aliyeniambia ni marehemu mwenyewe, angenifukuza ofisini, lakini nisingekuwa nimeapa uongo. Nimecheka kidogo kuandika hapa.

Jana asubuhi nilimwambia Beata. Sikutaka ayasikie kutoka kwa polisi. Wilfred alikuwepo, anapiga randa ubao wa kitanda. Nilisema yote, pamoja na maneno yako ya kwenye simu. Wilfred akaweka randa chini, akatoka, akaenda kusimama barabarani kwenye manyunyu bila kofia. Beata hakulia. Aliniuliza watoto wako ni wa kike au wa kiume, nikasema sijui. Akasema nimemvalisha nguo nyeusi kwa ajili ya mtu anayekula samaki Chiwanda. Nikapiga magoti, akaniambia niinuke, nachafua suruali ya mahakamani. Sikujua kama ananitania au ananiaga. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema nikufikishie neno moja, kwamba kama umekufa uje uape mwenyewe.

Basi nimeamua. Ijumaa saa tatu nitaingia kwa Wakili Kauthar nikiwa mteja, nitapanga foleni, na nitamwambia kila kitu kabla paroko hajasoma tangazo la tatu. Nilimsikia siku moja akimweleza mama fulani kwamba kiapo hakifutwi kwa kalamu, unaapa kingine na kusema cha kwanza kilikuwa uongo, na adhabu yako inabaki palepale. Nilimsikia pia akisema ndoa ya zamani mahakama inaweza kuivunja pande zote zikisikilizwa, na mtu akafunga nyingine bomani. Ya kanisani sijui, hilo ni la paroko, na Beata kanisa ndilo alilolitaka. Lakini usipojitokeza, yeye si mke wa mtu wala si mjane, na Wilfred ataendelea kusimama barabarani.

Njoo, kaka. Sikuiti uje kunitoa ndani, hilo nimeshalikubali, hata jirani nimemwachia mashine na nimeuliza mahabusu wanaruhusu blanketi za aina gani. Wala usije kudai nyumba au kitanda kinachopigwa randa. Njoo usimame mbele ya watu waliokuombea misa, utaje jina lako, na ukubali kumwachia Beata kwa mdomo wako, akiwa anakutazama. Naogopa sana. Nimeogopa polisi, nimeogopa ile Biblia, lakini sasa ninachokiogopa zaidi ni kwamba utaisoma barua hii, utacheka, na utavuka tena ziwa.

Mwanaisha anaondoka leo na gari la mchana, kesho saa nne anarudi na mzigo. Usimpe majibu ya mdomo. Panda naye.

Nisalimie hao watoto wako ambao nimewajua kwa sentensi moja ya simu, waambie baba yao mdogo yupo na ana meza yake mjini. Mama yao namwamkia kwa heshima zote za shemeji. Na kabla hujapanda gari mtumie neno, mwambie unakwenda wapi na unarudi lini, asije naye akaanza kuhesabu miaka.

Ni mimi mdogo wako,
Placidi.