Filamu Yako Ilipofika Usagara

Mabawa, Tanga

Kaka Yona mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima, na mama anakusalimu sana. Jumamosi tuliionyesha filamu yako ukumbini Usagara, na watu walijaa.

Nikuambie ukweli, kwenye filamu upepo umemeza maneno mengi. Na pale kamera inapokitazama kiti kitupu muda wote ule, jirani yetu Mama Consolata alidhani mashine imeharibika, akaomba itengenezwe. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Lakini ulipoanza kubisha hodi kwa baba aliyekufukuza, hakuna aliyecheka tena. Pale huigizi, kaka.

Baba alikuwepo. Nilimwalika bila kukuambia. Alikaa nyuma, kofia mkononi. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Yule mzee, mwisho anafungua mlango?"

"Filamu inaishia hapo, baba. Kaka hakuonyesha."

"Basi hapo ndipo alipokosea," akasema. "Mwambie anafungua. Mwambie aje."

Chumba chako nimeshakifagia.

Mdogo wako akupendaye,
Leticia