Majibu ya Damu ya Mama Yako

Sbeitla,
9 Novemba 2014

Mpendwa wifi yangu Saloua,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na shemeji Hédi, na binti yenu Ines? Baridi ya Marseille imeshaanza kukushika magoti? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Zeituni zimezaa vizuri mwaka huu. Kaka yako Naceur harudi kutoka shambani ila magharibi, mikono myeusi.

Yosra wetu ametimiza miaka minane. Pale puani alipotolewa kidonda pamepona, kovu halionekani sana. Shuleni wameweka mapazia mazito, na ile kofia yenye kioo uliyomletea haivui njiani. Wenzake wanamwita rubani. Basi anawaamrisha wapande ndege, na wanapanda.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ikilia hapa nyumba nzima inasikiliza.

Unajua tangu Yosra augue, mama yako anasema ugonjwa huu wa jua umetoka Gafsa kwa mama yangu, Zohra. "Kwetu hakuna damu mbovu. Kaka yangu alikwenda kuoa mbali, ndiyo haya." Mimi ni mkwe wake, tena mtoto wa huyo huyo kaka yake, nikanyamaza. Mama yangu akaacha kuja kwetu, naye anakaa hapo tu nyuma ya msikiti.

Mwezi uliopita, kwa kuwa tunataka mtoto wa pili, daktari wa Tunis alitaka damu yangu, ya Naceur, na ya wazazi waliobaki. Mama yako alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa nguo. "Vuteni, mwone damu safi inavyokuwa."

Majibu yalipotoka, daktari alitueleza polepole. Kila mtu hupewa nakala mbili za kila jeni ya urithi, moja ya baba, moja ya mama. Yenye kasoro ikiwa moja, mtu ni mzima na hajui kitu. Mtoto akipata mbili zenye kasoro, jua likimuunguza ngozi yake haiwezi kujitengeneza. Mimi ninayo moja. Naceur anayo moja. Mama yangu hana kabisa, basi yangu nimeirithi kwa marehemu baba. Mama yako anayo.

"Kwa hiyo imetoka nyumbani kwa baba yangu," mama yako akasema.

"Bibi, si kosa la mtu," daktari akamwambia.

"Sikuuliza kosa la nani, binti. Nimeuliza imetoka wapi."

Tulipofika nyumbani mama yako hakuingia ndani, alipitiliza hadi mlangoni kwa mama yangu, nami nyuma yake.

"Zohra, nimekuja kunywa chai."

"Miaka yote hii, leo ndiyo umeshikwa na kiu?"

"Leo. Ni ya kwetu, Zohra. Yangu na ya marehemu kaka yangu. Nilikusingizia."

Mama yangu alishika mlango, nikadhani ataufunga. Kisha akasema, "Ingia. Chai haijachemka, utasubiri."

"Nitasubiri."

Niliwaacha. Mama hajatamka kwamba amesamehe, lakini Ijumaa alikuja na sinia la kuskus, akaketi na mjukuu wake mpaka jua likazama, wakatoka kutembea.

Sasa Ines. Mama yako alishamwahidi kwa Saber wa kaka yenu Ridha. Saber amepimwa, naye anaibeba, ingawa ni mzima kabisa. Tafadhali Ines apimwe kabla hamjatangaza siku ya harusi. Akiwa hana, watoto wao hawataugua. Akiwa nayo, watakuwa kama sisi: kila mimba, ipo nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa kama Yosra. Sisemi wasioane. Nampenda Naceur, na Yosra simbadilishi kwa mtoto yeyote. Ila mimi hakuna aliyenijulisha mapema, na Ines nataka ajue.

Nisalimie shemeji Hédi, na Ines umbusu. Naceur, mama Zohra na rubani wetu wanawasalimu. Mungu awatunze ugenini, awafungulie kila mlango wa heri.

Jambo la mwisho. Zeituni zikiisha, mama yako atakupigia. Anataka kukueleza mwenyewe, kwa mdomo wake. Kila asubuhi namsikia jikoni akiyajaribu maneno, anakwama palepale penye jina la kaka yake, anaanza upya. Nakusihi, usimwambie umeshayasoma hapa. Mwache aseme mpaka amalize.

Akupendaye kama dada,
Rafika