Filamu Iliyofunguliwa na Kambi Nzima

Baba,

Shikamoo. Naanza nayo kwa sababu najua barua isiyo na shikamoo unaiweka kando kama daftari lisilo na jina. Mguu wako unaendeleaje? Mama aliniambia kwa simu kwamba sasa unafika kwa jirani bila fimbo, halafu nikakusikia huko nyuma ukisema fimbo hujawahi kuihitaji. Basi nikajua umepona. Na Mama mwenyewe, kifua kimetulia? Mwambie ile barakoa niliyomtumia ni ya kuvaa na kufua, si ya kukunjwa kabatini ikingoja harusi. Mimi ni mzima. Baridi ya huku ni ile ile, mvua haikosi alasiri hata moja, na majani yanachumwa kila siku, maana chai haijui kuna ugonjwa.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Unasema sinema imefungwa na serikali, kwa hiyo sina kazi, na mtu asiye na kazi hukaa kwao. Unataka niwe nimefika nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba umeshaongea na mkuu wa ile shule ya watoto wadogo karibu na kanisa, atanichukua shule zikifunguliwa. Nashukuru kwa hilo, sikudharau. Lakini umemalizia kwa kusema kupiga kelele gizani si kazi. Hapo, Baba, nakujibu kwa heshima zote, lakini nimekereka.

Labda kosa ni langu, sijawahi kukueleza vizuri. Ukumbi wetu ni wa mabati, uko hapa sokoni, chini kidogo ya kambi ya wachuma majani. Mwenyewe ni Mama Chela, mjane wa hapa hapa, ana ng'ombe watatu na mdomo unaotosha soko zima. Hana uhusiano na sinema kubwa za mjini. Anaongea mwenyewe na msambazaji mmoja wa Nairobi, mwanamke anayempa filamu mpya ambazo huwezi kuzipata kwa wauzaji wa sidii. Nyingi zinatoka nchi za mbali. Watu wanazungumza lugha zao, na chini kuna maandishi ya Kiingereza yanayopita mbio. Mchuma majani aliyeamka alfajiri, akabeba kikapu siku nzima, hana macho ya kukimbizana na maandishi. Hapo ndipo naingia mimi. Nasimama kando ya ukuta na kipaza sauti, nasimulia kwa Kiswahili: nani amesema nini, nani anadanganya, kwa nini yule mama amenyamaza. Kila filamu naiangalia peke yangu mara nne kabla ya siku ya kuonyesha, na naandika. Na hicho Kiswahili, Baba, nilikitoa kwako, kwa viboko vyako mwenyewe darasani.

Basi, Corona ikaja, ukumbi ukafungwa, panya wakahamia kwenye viti. Baada ya muda msambazaji akapiga simu. Alisema kumbi ndogo za mijini zimeanza kuonyesha filamu mpya kwa mtandao. Kila ukumbi unapewa linki yake. Mteja analipa kama tiketi, anaifungua nyumbani kwa simu, na filamu inakaa siku mbili kisha inaondoka. Ukumbi ambao watu wake wanafungua utaendelea kupewa filamu. Ambao watu wake hawafungui, utaachwa. Na wakati huo huo kulikuwa na mwenye duka la mbolea aliyetaka ukumbi wetu uwe ghala lake. Alikuwa ameshakuja kupima mlango kwa hatua.

Mama Chela akaniita, akaniambia, "Atieno, ni hii filamu moja tu. Wakifungua, sawa. Wasipofungua, napea mtu wa mbolea. Mimi siwezi kufuga panya."

Kwa hiyo unaona ilivyokuwa. Filamu ingekataliwa, ningekuwa kwako wiki hiyo hiyo, usingehitaji hata kuniandikia.

Filamu ikaingia Jumamosi. Jioni msambazaji akapiga simu kuuliza kama watu wetu wote wamehama, maana kambi nzima imefungua mara moja tu. Moja, Baba. Nikapanda kambini mbio, barakoa imelowa kwa jasho, kwenda kuuliza ni nani amewakataza. Nikawakuta wote nyumbani kwa Kiprono, karani wa mizani ya majani, ambaye ndiye mwenye televisheni kubwa. Alikuwa amefungua linki moja, ameunganisha simu na televisheni, na watu wamejaa mpaka juu ya kitanda. Serikali imefunga ukumbi wenye madirisha sita ili watu wasikae pamoja, nao wamekwenda kukaa pamoja katika chumba chenye dirisha moja.

Nikamwambia Kiprono awatoe. Akaniangalia kama nimemwambia amtukane mama yake. "Sasa nifunge mlango na tivi inawaka? Watasema nini?" Ni kweli. Huku kambini mtu akifungia televisheni ndani anasemwa mwaka mzima, hata mtoto wake akiumwa watu wanasita kwenda kumwona. Hiyo ni desturi yao tangu televisheni ya kwanza kufika, na hakuna chifu aliyeweza kuibadilisha. Isitoshe, hawakuwa hata wanafurahia. Mama mmoja aliyekuwa kitandani akaniambia, "Lakini Atieno, hii filamu iko bubu. Watu wanaongea na hakuna mtu anasema."

Jumapili asubuhi Mama Chela mwenyewe akapanda kambini. Hakuna kanisa siku hizi, kwa hiyo watu wote walikuwa nyumbani. Akasimama kwenye nyasi katikati ya nyumba, akawaambia kwamba ukumbi unakufa, na kwamba kila nyumba lazima ifungue filamu yake. Kila nyumba. Alirudia mara tatu. Wakaitikia vizuri sana. Nami nikaongeza yangu: saa tisa kamili kila mtu aanze filamu pamoja, na nitasimulia kwa simu. Simu yangu inaweza kuunganisha watu wanne kwa wakati mmoja. Nikachukua Kiprono wa kambini, mwanamke mmoja wa Chepseon, fundi mmoja wa Sigowet, na familia moja ya Fort Ternan ambao walikuwa wateja wetu wa zamani. Kila mmoja angeweka spika, waliomzunguka wasikie. Niliona nimepata akili nyingi sana.

Saa tisa nilikuwa ukumbini peke yangu, daftari mkononi. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikawaambia wabonyeze. Filamu inamhusu mwanamke wa nchi ya baridi kali anayekwenda kila siku kwenye stesheni ya treni kumngoja kaka yake. Nikaanza vizuri. Nikasema, "Huyu ni dada mtu. Anaosha vyombo lakini masikio yako nje."

Wa Chepseon akasema, "Vyombo gani? Kwangu kuna kaduara kanazunguka tu."

Fundi wa Sigowet akasema, "Vyombo vilishaisha. Amevaa koti."

"Kiprono, wewe unaona nini?"

"Mama amefungua mdomo."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Amefungua tu. Imekwama hapo."

Nikawaambia wa Sigowet wasimame wangoje. Wakasimama, na walipobonyeza tena ikaruka mbele. Nikaeleza kifo cha baba mtu, wa Chepseon akalia kwa hasira, "Amekufa saa ngapi na kwangu ndio anakunywa chai?" Fundi naye akasema nimewaambia mwisho kabla ya mwanzo, akakata simu. Mvua ikaanza kupiga mabati, nikawa napaza sauti mpaka koo likauma. Kelele gizani, ungesema, na siku hiyo nisingekubishia.

Ndipo nikamuuliza Kiprono, "Hapo kambini ni nyumba ngapi zimefungua?"

"Zote," akasema, kwa fahari. "Kila nyumba, kama Mama Chela alisema."

"Kwa hiyo kila mtu yuko kwake."

"Hapana. Watu wako hapa kwangu. Simu ndio ziko kwa nyumba."

"Zinafanya nini huko?"

"Zinacheza filamu. Si ndio mlitaka?"

Baba, nilikaa chini. Watu wema wale walikuwa wamelipa, kila nyumba, wakafungua filamu, wakaiacha simu mezani ikiwachezea sufuria, kisha wakaenda kwa Kiprono kuangalia pamoja. Zaidi ya simu arobaini zinavuta filamu ile ile kutoka mnara mmoja wa simu, na ndiyo sababu televisheni pekee yenye watu mbele yake ilikuwa imekwama. Nikamwambia Kiprono awatume wakazime simu zao. Akaniuliza, "Na tukizima, si mtasema tena hatukufungua?" Akakata. Wa Chepseon alikuwa ameshakata zamani.

Nikaitupa simu kwenye kiti. Niseme ukweli, nililia, na si kwa huzuni, ni kwa kuchoshwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeanza kukunja nguo zangu, na sasa niliona nimalize. Nilikuwa naja kwako, Baba. Kichwani nilikuwa nishafika.

Kisha nikasikia sauti kutoka kwenye kiti. "Atieno. Alifika stesheni. Akafanya nini?"

Ilikuwa ni Fort Ternan, hawakuwa wamekata. Aliyekuwa akizungumza ni mzee arap Soi. Zamani alifanya kazi ya reli, na miaka mingi sasa macho yake hayaoni kitu. Kabla ya Corona mke wa mwanawe alikuwa akimleta ukumbini, anamkalisha kiti cha mbele, naye anainamisha kichwa. Siku zote nilidhani analala.

Nikamwambia, "Mzee, samahani. Kwenu picha inaonekana?"

"Picha ya nini? Sisi hatuna hiyo linki. Tuko na simu tu. Endelea."

Nikaendelea. Sikuwa na picha hata mimi, maana yangu ilikuwa imekwama pia, lakini ile filamu nilikuwa nimeiangalia mara nne. Nikamsimulia theluji, nikamsimulia taa ya stesheni, na kila sura ya kila abiria aliyeshuka. Nilipokosea alinirekebisha. Nilisema yule dada alivuka reli mbio, akanikatiza, "Hapana, treni bado haijatulia. Hapo angekatwa. Labda alingoja." Nikaangalia daftari langu, na kweli nilikuwa nimeandika alingoja. Mwishoni kaka anashuka, amezeeka, na dada yake anampita bila kumtambua, anaendelea kutazama mlango wa treni. Hapo filamu inaisha.

Mzee akasema, "Kongoi sana, asante. Hata mimi sasa ningempita." Akaniuliza Jumapili ijayo ni filamu gani.

Jumatatu msambazaji akapiga simu kwa furaha. Kambi yetu ilikuwa imefungua filamu mara nyingi kuliko kumbi kadhaa za mjini, na alitaka kujua tumetumia mbinu gani. Mama Chela akaweka mkono kwenye simu, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Mtu wa mbolea ameambiwa atafute ghala kwingine. Filamu nyingine imeshaletwa. Kwa hiyo kazi ninayo, Baba, imeokolewa na filamu ambayo hakuna aliyeiangalia, na mtu pekee aliyeipata yote ni mzee asiyeona. Nimekasirika na kambi, nimekasirika na mnara, nimekasirika na wewe kidogo, na bado sijamaliza kukunjua zile nguo.

Msalimie Mama sana. Kaka yangu mkubwa mwambie asianze safari ya kuja kunibebea kitanda, atulie kwanza. Shangazi muuza omena nimepata salamu zake na ile pakiti ya samaki, ilifika ikinukia mpaka jirani wa tatu akaja kusalimia. Mke wa kaka nampa pole kwa homa, na watoto wake waambie wanawe mikono hata kama hawataki. Mkuu wa shule mshukuru kwa niaba yangu, na mwambie nitamjibu mwenyewe hivi karibuni.

Sasa nikuombe jambo moja. Nimefanya kazi hii miaka minne, na hujawahi kunisikia. Hata siku moja. Ulijua ni kelele kwa kuambiwa na watu. Jumapili hii saa tisa nitamsimulia mzee arap Soi filamu mpya, na nafasi zile tatu za simu ziko wazi. Simu yako ya kabambe, hiyo ya vitufe, inatosha, huhitaji picha. Weka spika, Mama naye asikie. Nikikosea Kiswahili niache, utanirekebisha baadaye. Sikiliza mpaka mwisho, kisha uniambie nirudi au nibaki, na utakalosema nitalifuata.

Nitakupigia dakika tano kabla. Tafadhali, Baba, pokea.

Binti yako,
Atieno