Siku Waliyomwita Duane Uwanjani

Wexler, Nebraska
2 Septemba 2014

Kwako Baba Mdogo Wendell,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo umetulia? Mimi ni mzima wa mwili tu. Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei.

Chuo kimeamua kumwingiza Baba kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa michezo. Mwezi ujao watamwita uwanjani wakati wa mapumziko ya mechi, mbele ya mji mzima, kama mrusha mpira bora wa futiboli ya Kimarekani waliyewahi kuwa naye. Na Baba mwenyewe juzi alinifungia mlango, akidhani mimi mwizi. Daktari anasema ni vile vipigo vya kichwani, miaka yote ile ya kuangushwa na kuinuka. Akipandwa na hasira simwezi. Mkono wangu una alama. Halafu analia, anauliza, "Wendell kaenda wapi?"

Wewe ndiye uliyekuwa ukisimama mbele yake uwanjani kumkinga. Njoo. Nimeishiwa nguvu.

Binti yako,
Corinne

Astoria, Oregon
14 Septemba

Mwanangu Corinne,

Nimepokea salamu. Mgongo unauma, lakini ni mgongo wa mzee, tumezoeana. Pole kwa mkono.

Siji. Siku tuliyomzika mama yetu nilimsihi kaka yangu Duane akamwone daktari, maana alishaanza kurudia maneno. Akasema nina wivu, nisikanyage kwake tena. Hilo nimelimeza. Ila kuja kuwapigia makofi watu waliomla ubongo? Mechi yetu ya mwisho alitapika pembeni mwa uwanja na jina langu likampotea. Kocha akampa maji, akamrudisha ndani. Tukashinda. Ushindi huo ndio wanaotaka kuutundika ukutani. Usimpeleke.

Baba yako mdogo,
Wendell

Wexler
25 Septemba

Baba Mdogo,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Nilitaka kukutii. Lakini Jumanne Baba alitoka na soksi tu, bila viatu. Polisi walimkuta katikati ya uwanja wa chuo, anatetemeka kwa baridi, anangoja mtu ampe mpira. Nikamwambia twende nyumbani. Akasema, "Dada, mechi haijaisha."

Mimi ni dada yake sasa. Kilichobaki kichwani mwake ni uwanja ule. Nikimnyima na huo, nimbakishie nini? Nitampeleka. Kama huji, basi walau nijibu.

Binti yako,
Corinne

Wexler
12 Oktoba

Baba Mdogo,

U mzima? Hukunijibu, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Jana tulikuwa pembeni mwa uwanja tukingoja mapumziko. Mrusha mpira wa chuo, kijana anayeitwa Brody Kessel, akapigwa akaanguka kwa kisogo. Aliinuka akaelekea upande wa wapinzani. Kocha akamvuta shati: "Uko sawa. Rudi."

Baba akauachia mkono wangu. Alikwenda moja kwa moja, akamvua yule kijana kofia ngumu ya mchezo.

"Unaitwa nani?"

Kijana alifikiri, akafikiri, akakosa.

"Kaa chini."

"Mzee, toka hapo," kocha akasema. "Tuko kwenye mechi."

"Hajui jina lake. Hachezi."

Akaketi naye benchini, kaikumbatia ile kofia, hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Yalipofika mapumziko wakamwita Baba kwenye vipaza sauti, wakarudia, watu wote wamesimama. Hakuinuka. Ngao ya heshima nimeipokea mimi. Timu ilifungwa, na leo kanisani wapo walionipa kisogo. Mama yake Brody tu ndiye aliyenishika mikono.

Garini Baba aliniuliza, "Walikuwa wanamwita nani?"

"Wewe, Baba."

"Hapana. Walikuwa wanamwita Duane."

Mwisho wa mwezi nampeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wa aina yake. Nimeshindwa, Baba Mdogo. Nimeshindwa kabisa.

Corinne

Astoria
17 Oktoba

Mwanangu,

Sijambo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na koti sijavua.

Usimpeleke popote. Nyumba nimemwachia jirani, nitafika kwa basi la Alhamisi. Usimwambie kwamba naja. Atasahau, kisha atabaki anangoja bila kujua anangoja nini. Nitamwambia mwenyewe mimi ni nani. Kila asubuhi, ikibidi.

Baba yako mdogo,
Wendell