Shemeji Kaomba Nimsomee

Shoga, nimetoka ukumbini sasa hivi.

Si leo ndiyo kitabu chenye insha yangu kilikuwa kinazinduliwa? Nani kaibuka na suti? Shemeji! Huyo huyo ndugu wa marehemu mume wangu aliyekuwa akinicheka, "Ajuza mzima unaandika insha, una mtihani?"

Kakamata kipaza sauti bila kuitwa. "Mimi ndiye niliyemtia moyo." Yeye! Kanitia moyo! Na watu wakapiga makofi.

Tena bwege hata hajaisoma. Eti, "Shemeji, hebu tusomee, sisi familia yako tusikie."

SISI FAMILIA, shoga!

Basi nikasoma. Insha yenyewe ni ile siku tuliyomzika mume wangu, nikarudi nyumbani nikakuta huyu kaka mtu keshabadilisha kufuli, nikaja kulala kwako na nguo za msiba.

Mkewe akamgeukia mbele za watu: "Si uliniambia alihama mwenyewe?"

Shemeji kanywea kama kuku aliyenyeshewa.

Mshereheshaji akaninong'oneza, "Mama, tuishie hapo?"

Nikamwambia bado kurasa tatu.